Rangi Tatu Zinatosha

Wewe uliye jikoni unageuza chapati, wewe uliyebanwa dirishani kwenye daladala, wewe muuza duka unayesubiri wateja wa mwisho, nyote karibuni katika mazungumzo yetu ya jioni ya leo. Leo tuzungumze juu ya kuchora. Sisemi kuchora kwa ajili ya mtihani, wala kuchora bango la saluni. Nasema kuchora kwa ajili yako mwenyewe. Mtu mzima, mwenye shughuli zako, unaketi na karatasi na rangi kwa sababu kuna jambo limekujaa moyoni na maneno hayalitoshi.

Najua kuna aliyekwisha kujibu kabla sijamaliza: mimi sijui kuchora. Haya, nikuulize. Mara ya mwisho ulijaribu lini? Wengi wetu tuliacha tukiwa shule ya msingi. Tuliambiwa tuchore moyo wa binadamu au mbegu ya maharage iliyochipua, mchoro haukufanana na wa kitabuni, tukapewa alama mbili kati ya kumi, na hapo tukafunga mlango. Lakini hebu fikiri vizuri: ule haukuwa mtihani wa kuchora. Ulikuwa mtihani wa kunakili.

Kuchagua rangi, kwa upande mwingine, hukuacha kamwe. Mama wa Pemba anayesuka mkeka huchovya chane za ukindu kwenye rangi inayochemka, kisha anaamua chane ya zambarau ikae wapi na nyeupe ikae wapi. Hakuna aliyempa mchoro; mpangilio uko kichwani mwake na vidoleni mwake. Binti anayekwenda harusini husimama mbele ya kabati, anaiweka kanga hii, anaiondoa, anaiweka ile. Kijana anayepaka baiskeli yake upya anajua kabisa kwamba mistari ya njano itaonekana vizuri juu ya nyeusi kuliko juu ya kijani. Watu hawa hawajiiti wachoraji, lakini jicho la rangi wanalo. Na wewe unalo.

Basi tuanzie hapo kwenye rangi. Na neno langu kubwa la leo, neno nitakalolirudia, ni hili: anza na rangi chache. Rangi tatu zinatosha.

Kwa nini tatu? Kwa sababu anayeanza akinunua boksi kubwa la rangi ishirini na nne, hutaka kuzitumia zote siku ya kwanza. Kila rangi inapiga kelele, na ukizichanganya ovyo, zote zinageuka tope. Mtu anaitazama kazi yake, anasema, unaona, nilijua siwezi. Kumbe anaweza. Kilichomshinda ni wingi wa rangi.

Watu wa pwani walilijua jambo hili zamani. Tazama kisutu, kanga ya harusi: nyekundu, nyeusi, nyeupe, basi. Wamevishwa bibi arusi wangapi rangi hizo tatu, na bado kisutu kikifunuliwa chumbani kila jicho linageuka? Au nenda Siyu, katika kisiwa cha Pate, huko kaskazini mwa pwani ya Kenya. Katika karne ya 18 na ya 19 waandishi wa Siyu walinakili Misahafu kwa mkono na kuipamba pambizo zake kwa maua, misuko na maumbo ya kijiometri. Wino wao ulikuwa mweusi, mwekundu na wa manjano, na karatasi yenyewe ikawapa weupe. Ukitazama kurasa zile huoni upungufu wowote. Unaona mkono uliojua kila rangi kazi yake ni nini.

Sasa nataka nikae kidogo kwa mtu mmoja, maana habari zake zinanigusa sana. Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alitoka kwao kutafuta riziki kama vijana wengi wa wakati ule, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaingia Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani, akafanya vibarua vya hapa na pale. Hakusoma chuo cha sanaa. Mwaka 1968, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka thelathini, alianza kuchora.

Alichorea nini? Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii kutoka ng'ambo. Alichukua hadibodi, zile mbao nyembamba za kupigilia dari, zikiwa zimekatwa mraba wa sentimita sitini hivi kila upande. Alichukua rangi ya mafuta, ile ya kopo, inayopakwa kwenye baiskeli na milango ya chuma. Ukiwahi kuishika rangi ile unajua tabia yake: inang'aa, inachelewa kukauka, na ukipaka nyingine juu yake kabla haijakauka, zinachafuana. Ndiyo maana uchoraji ule huanza na rangi moja ya nyuma, inaachwa ikauke. Kisha anakuja mnyama. Kisha, juu ya mnyama, madoa na mistari, moja moja, kwa ncha ya brashi.

Picha zake nyingi zina mnyama mmoja tu: chui, au ndege, au nyati, ameujaza ubao, anakutazama. Nyuma yake hakuna msitu, hakuna mlima. Kuna rangi tupu. Mimi nikizitazama picha zile nasimama kimya, kwa sababu sioni mtu anayejaribu kumpendeza mwalimu. Naona mtu anayesema: hivi ndivyo ninavyomwona mimi. Rangi za kopo hazikumzuia. Zilimwelekeza mkono.

Alichora kwa miaka minne tu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi. Miaka minne, wasikilizaji! Na jina lake limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji, linalotambulika duniani. Jamaa zake na wanafunzi wake waliendelea palepale Oysterbay alipokuwa akiuzia picha, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika.

Hapa lazima niseme jambo ambalo si kila mtu atalipenda. Leo ukipita kwenye maduka ya picha utaona twiga chini ya Mlima Kilimanjaro, twiga chini ya Mlima Kilimanjaro, tena na tena, kwa sababu mgeni hununua twiga chini ya Mlima Kilimanjaro. Simlaumu anayezichora. Ana kodi ya kulipa, ana ada ya watoto, na kazi yake ni halali. Wapo pia katika wachoraji hao waliokwenda mbali na twiga, wakachora hospitali imejaa wagonjwa, soko limefurika, mashetani wakicheza ngoma, na mambo hayo ni yao kabisa. Lakini wewe unayeanza, unayechora kwa ajili ya nafsi yako, usianzie kwenye twiga wa kuuza. Umewahi kumwona twiga wewe? Kama humjui, utamnakili kutoka picha ya mwenzako, aliyemnakili kutoka picha ya mwenzake. Anza na unachokijua. Ndoo ya bluu mlangoni. Viatu vya baba. Mwembe wa kwenu.

Na huyu Tingatinga alikuwa na mwana rika, mzaliwa wa mwaka uleule wa 1932, ila wa Marangu, upande wa Kilimanjaro: Elimo Njau. Yeye alisoma sanaa Makerere, njia tofauti kabisa. Miaka ya mwisho ya 1950 alichora ukutani, katika kanisa la Murang'a nchini Kenya, maisha ya Kristo yakiwa na nyuso na mandhari ya Kiafrika. Baadaye, mwaka 1965, alishiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi, na ujumbe aliousimamia kwa nguvu ulikuwa huo: usinakili. Mmoja hakusoma sanaa, mwingine aliisoma, na wote wawili wanatupeleka mahali pamoja: jicho lako mwenyewe.

Nawasikia wengine: sawa, lakini mimi sina mtindo. Nitaupata wapi mtindo?

Mtindo ni kama mwendo wa mtu. Jirani yako akitokea mbali, kabla hujaona uso, unasema yule ni fulani, kwa mwendo wake. Je, aliketi siku moja akaupanga mwendo ule? Hapana. Ametembea tu, miaka na miaka, na mwili wake, na urefu wake. Na kuchora ni vivyo hivyo. Ukichora mara nyingi, kwa rangi chache, vitu unavyovijua, mkono utaanza kurudia mambo bila wewe kuuambia. Labda utajikuta unazungushia kila kitu mstari mweusi. Labda macho ya watu wako yatakuwa makubwa. Usiyarekebishe haraka. Marehemu George Lilanga, Mmakonde aliyeishi kuanzia 1934 hadi 2005, alianza kwa kuchonga mashetani, viumbe wenye masikio makubwa na midomo iliyojitokeza. Alipoingia Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, viumbe hao walimfuata: kwenye batiki, kwenye bati, kwenye picha za rangi kali. Kifaa kilibadilika, viumbe ni walewale. Ukiona kazi ya Lilanga huulizi ni ya nani.

Tumefika wapi? Tumesema rangi chache. Tumesema vitu unavyovijua. Sasa tuingie kwenye kutazama, maana hapa ndipo penye utamu wote.

Nikikuuliza bahari ina rangi gani, utaniambia bluu. Mtoto naye atachukua penseli ya bluu. Lakini nenda kaitazame maji yakiwa yamekupwa, asubuhi yenye mawingu. Ni kijivu. Karibu na mikoko ni kahawia. Penye mchanga mweupe ni kijani chepesi. Jioni, kwa dakika chache, ni rangi ya dhahabu. Tulijifunza jina la rangi kabla hatujatazama, na jina likakaa mbele ya macho kama pazia. Kuchora ni kulivuta pazia hilo pembeni.

Na ngozi yako je? Katika maboksi mengi ya penseli kulikuwa na moja ya waridi mpauko, na watoto wakaambiwa ndiyo rangi ya mwili. Mwili wa nani? Watoto wetu wakajichora kwa rangi isiyo yao, au wakachukua nyeusi tii, ambayo nayo si yao. Leo usiku fanya hivi. Keti karibu na taa, weka mkono wa kushoto mezani, utazame kwa utulivu. Vifundo vya vidole vimeiva zaidi. Kiganja kina wekundu. Upande unaopigwa na mwanga una umanjano, na upande wa kivuli, ukitulia, utaona kitu cha bluu kinapita. Penseli ya kahawia, nyekundu na ya bluu: tatu tu, unaweza kuuchora mkono wako ukauona kwa mara ya kwanza. Nyekundu ipake kwanza, kwa wepesi. Kahawia juu yake. Bluu mwishoni, penye kivuli peke yake. Nyeusi iache kwenye boksi. Nalisema hili kwa moyo wangu wote: mtu mweusi aliyejichora kwa kuitazama ngozi yake hachukui tena rangi ya waridi akaiita ya mwili.

Jambo lingine kuhusu rangi. Rangi haikai peke yake. Kule Paris, Ufaransa, kuna kiwanda cha Gobelins, mabingwa wa kufuma mapambo ya ukutani. Mwaka 1824 mkemia Michel Eugène Chevreul alipewa kusimamia upakaji rangi wa nyuzi. Malalamiko yalikuwa kwamba nyuzi nyeusi zimefifia, hazina nguvu. Akazichunguza, akakuta nyuzi hazina kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye rangi zilizowekwa kando yake. Zilikuwa zinaufanya weusi uonekane mchovu. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo.

Unaweza kulijaribu hapo ulipo. Kata vipande viwili vya karatasi ileile ya kijivu. Kimoja kiweke juu ya kitambaa cheusi, kingine juu ya cheupe. Utaapa ni karatasi mbili tofauti; ile iliyo juu ya nyeusi inang'aa zaidi. Kisha weka nyekundu kando ya kijani uone zinavyochokozana, kila moja inaizidishia mwenzake ukali. Kwa hiyo rangi yako ikikuchukiza, usiifute upesi. Badilisha iliyo kando yake.

Nawafikiria pia wale wasio na fedha ya boksi la rangi mwezi huu. Jikoni kwako pana rangi. Masizi ya sufuria hutoa nyeusi. Chokaa hutoa nyeupe. Manjano ya binzari unayajua, ukimwagia nguo utalia. Udongo mwekundu wa nje, uloweke, uchuje kwa kitambaa, uuache utuame, umwage maji ya juu. Ili rangi ishike kwenye karatasi, ikoroge na kiini cha yai na maji kidogo. Wachoraji wa kale wa Ulaya walifanya hivyo kwa karne nyingi. Ila nikutahadharishe: binzari hufifia ikipigwa na jua, na majani ya kijani hali kadhalika. Udongo mwekundu haufifii. Wekundu wake ni kutu ya chuma iliyomo ndani, na jua halina la kuufanya. Nenda Kolo, wilayani Kondoa, ukaangalie miambani: watu warefu wembamba, wanyama, wamechorwa kwa wekundu huohuo zamani sana na wanaonekana hadi leo. Mwaka 2006 michoro hiyo ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Rangi yake ni ndugu wa hiyo unayoikanyaga uani.

Msikilizaji mwingine ataniambia: nyumbani kwetu hatuchori viumbe vyenye roho. Nakuheshimu, na nakuhakikishia hujapungukiwa. Milango ya Zanzibar na Lamu imechongwa maua, minyororo na mawimbi. Kofia za viua zinashonwa kwa vitundu vidogo vinavyojipanga vikawa nyota na majani. Hina na piko mkononi mwa bibi arusi, nyekundu na nyeusi, rangi mbili, na kila mpakaji ana mkono wake. Mtu anaweza kuishi maisha yake yote akichora jani moja la mkungu kwa kila namna na asilimalize.

Na wale wenye simu janja, maana najua mtauliza: ndiyo, zina programu za kuchorea, na ni nzuri. Lakini mwezi wa kwanza ningekuomba ushike karatasi. Simu inakupa rangi mamilioni na kitufe cha kufuta. Mwanzoni vyote viwili vitakusumbua.

Haya, tufanye nini juma hili? Tafuta karatasi ya manila, ikate vipande vya ukubwa wa daftari. Chagua rangi tatu, uzipendazo wewe, usimuulize mtu. Kila jioni, dakika ishirini, chora kitu kimoja cha nyumbani mwako. Ukiwa na hasira chora kwa hasira, bonyeza penseli mpaka karatasi ilalamike. Ukiwa na huzuni, ijaze karatasi rangi moja tu kama ndiyo iliyo ndani yako. Nyuma ya kila kipande andika tarehe. Usichane hata kimoja, hata kile kibaya. Na usimwonyeshe mtu wiki ya kwanza, hata mwenzi wako. Akisifu utaanza kumchorea yeye, akicheka utaacha.

Mwezi ukiisha, vitandaze vyote sakafuni. Tafuta kinachojirudia: umbo gani, rangi gani, kona gani ya karatasi unayoipenda bila kujua. Hicho kinachojirudia kichukue, ukichore makusudi mwezi unaofuata, kikubwa zaidi. Ukiwa umeichoka rangi moja kati ya zile tatu, iondoe, ulete nyingine. Moja tu kwa wakati mmoja.

Juma lijalo, saa kama hii, tutaendelea na habari za hina na piko: namna ya kuchanganya, na namna ya kuanza kutunga maua yako mwenyewe. Wenye maswali myaandike mapema. Kwa leo niwaage. Mbaki salama, wasikilizaji wapenzi, na penseli ziwe zimechongwa.